Casini: kigeugeu, au mtu wa kati asiye na nyumba?

Pier Ferdinando Casini aliingia Bunge la Italia mwaka 1983, akiwa na miaka 27, kwa tiketi ya Democrazia Cristiana, chama cha Wakatoliki kilichoshika serikali tangu baada ya vita. Chama hicho kilisambaratika mwaka 1994 kwa kashfa za rushwa. Casini yeye bado yumo bungeni.

Wanaomponda wana picha moja wasiyochoka kuisambaza. Ni ya kampeni za 2018: Casini anahutubia kwenye tawi la Partito Democratico, chama cha mrengo wa kushoto, mjini kwao Bologna, na ukutani nyuma yake wananing'inia Gramsci na Togliatti, vigogo wa ukomunisti. Huyu ndiye aliyeungana na Silvio Berlusconi, kiongozi wa mrengo wa kulia, mwaka 1994, kisha muungano huo ukampa uspika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 2001 hadi 2006. Bologna ni ngome ya kushoto tangu enzi hizo za ukutani. Akapewa jimbo hilo, akashinda useneta. Mwaka 2022 akarudia, safari hii akimbwaga Vittorio Sgarbi wa upande wa kulia. Ukimwita bendera fuata upepo, nani atakubishia?

Mimi nitabisha, ila nusu tu. Mwaka 2008 Berlusconi aliwataka washirika wake wote wamezwe na chama kimoja. Kukubali kulikuwa rahisi, na ushindi ulinukia. Casini alikataa, akasimama peke yake na chama chake kidogo cha katikati, UDC, akaambulia takriban asilimia 5.6 ya kura na kukaa upinzani. Mchumia tumbo hafanyi hivyo. Isitoshe, sheria ya uchaguzi ya 1993 iliweka robo tatu ya viti kwenye majimbo ya mshindi mmoja, kwa hiyo vyama vidogo vya katikati vililazimika kuchagua upande au kufa.

Kinachonikera ni hiki: 2013, alipoingia uchaguzini pamoja na Mario Monti, waziri mkuu wa wakati huo, UDC haikufikisha hata asilimia 2. Tangu hapo anachaguliwa kwa kura za wenyeji wake wa kisiasa, yaani vyama vikubwa vinavyompa nafasi. Januari 2022 jina lake lilitajwa sana kwa urais wa Jamhuri. Wabunge waliposhindwa kuelewana, aliomba liondolewe na rais aliyekuwepo, Sergio Mattarella, aombwe kubaki. Ulikuwa uungwana, sikatai. Lakini hata angeupata urais huo, wa kumpa wangekuwa wabunge na wajumbe wa mikoa, si mpiga kura wa Bologna.