Vipimo 40 kwa bei ya ofa

Yale matangazo ya "pima mwili mzima, vipimo 40, ofa mwisho Jumamosi" yamerudi kwenye simu zetu. Na chini, kwa herufi nyekundu: saratani zote, uhakika asilimia 95. Jamani!

Haya, tupige hesabu. Watu 1,000 hawana dalili yoyote. 10 kati yao ni wagonjwa kweli. Kipimo kinanasa 9. Kwa wale 990 wasioumwa, kinakosea asilimia 5 tu, yaani kama watu 50. Majibu chanya 59, wagonjwa 9. Hao 50 ndio watakaopigwa picha za CT, wakatwe kipande cha nyama kikapimwe, wauze mbuzi, kisha waambiwe hawana kitu. Sasa ongeza idadi ya vipimo. Viwango vya "kawaida" maabara huwekwa ili asilimia 95 ya wenye afya waingie humo. Mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kutoka na angalau kimoja "kibaya" ni asilimia 64. Kwa 40, ni 87. Ofa nzuri kweli.

CA-125, kipimo cha damu wanachokisifia cha saratani ya ovari, hupanda hata kwa hedhi, ujauzito au faibroidi. Korea Kusini walipima tezi ya thairoidi shingoni kwa ultrasaundi hadi saratani zake zilizogunduliwa mwaka 2011 zikawa mara 15 ya zile za 1993. Vifo vilibaki palepale.

Kipimo cha maana ni kile cha saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, ambacho hakina mbwembwe. Asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, pamba, taa nzuri. Unapaka, unasubiri dakika nzima (mwenye haraka anayeangalia mapema haoni kitu), unatafuta weupe mzito wenye kingo, ishara ya mabadiliko ya awali. Ukiuona na unafaa kutibiwa, unachomwa kwa joto siku hiyohiyo. Mabadiliko hayo huchukua miaka kuwa saratani, kwa hiyo muda wa kuyawahi upo.

Sawa, siki inategemea jicho la mpimaji, na kwa waliokoma hedhi eneo yanakoanzia mabadiliko hujificha ndani. Kipimo cha DNA ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, ni bora: kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10, wanaoishi na VVU kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Na presha iliyomo kwenye kifurushi, nakubali, pimeni. Ila kituo cha afya kinakupimia bila ofa.

Ukitaka kulipia vile 40, kwanza piga ile namba uulize: CA-125 ikija juu, mnafanya nini? Wakisema rufaa, uliza wapi, na shilingi ngapi.