Injini ya supachaja: ni lazima kompresheni ishuke hadi 8:1?

Ukitangaza kwamba unajenga injini ya supachaja (pampu inayozungushwa na injini ili kuishindilia hewa), ushauri wa kwanza utakaopewa ni kushusha kompresheni, yaani kiasi pistoni inavyogandamiza mchanganyiko, hadi 8:1, usije ukavunja pistoni. Zamani ushauri huo ulikuwa na mashiko. Toyota 4A-GZE za mwanzo zilitoka na 8.0:1, na Mini Cooper S ya supachaja 8.3:1. Lakini viwanda vyenyewe vimeshahama. Chevrolet LS9 ilikuwa na 9.1:1, kisha LT4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ikaja na 10.0:1. Dodge Hellcat na Shelby GT500 ya 2020 zote ni 9.5:1, na ziliuzwa kwa dhamana.

Kinachovunja pistoni ni injini kugonga: mchanganyiko wa hewa na mafuta uliobaki unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, kwa sababu ya joto na shinikizo. Wengi hupima hatari hiyo kwa hesabu ya mkato, wanazidisha kompresheni kwa mara ambazo supachaja imezidisha shinikizo la hewa ya kawaida, ambalo ni psi 14.7 (psi ni kipimo cha shinikizo). 8:1 kwa psi 10 inatoa 13.4, na 10:1 inatoa 16.8, basi ya pili inahukumiwa. Hesabu hiyo haiulizi hewa imeingia na joto kiasi gani, na hapo ndipo inapopotosha.

Chukua hewa ya nyuzi 27, supachaja ya Roots (aina ya rota mbili zinazosukuma hewa tangu mizunguko ya chini) yenye ufanisi wa asilimia 55, psi 10. Hewa inatoka ikiwa na nyuzi 114 hivi. Ukiiingiza bila intakula (kifaa cha kupoza hewa hiyo) kwenye injini ya 8:1, mwisho wa mgandamizo, kabla plagi haijawasha, inakaribia nyuzi 528. Sasa weka intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka. Hewa inaingia na nyuzi 53, na hata kwa 10:1 inaishia karibu 457. Ni makadirio yasiyohesabu joto linalopotelea kwenye kuta za silinda, lakini pengo la nyuzi 70 si dogo. Tena hewa hiyo iliyopozwa ni nzito zaidi kwa karibu asilimia 19, yaani nguvu zaidi kwa psi zile zile. Shinikizo ndani ya silinda ndilo linalobaki juu, kwa theluthi nzima, kwa hiyo gasketi, stadi (boliti) za silinda hedi na taiming (wakati plagi inapowasha) lazima viendane nalo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi waliozoea turbo hulisahau. Kutoka 10:1 kwenda 8:1 kunapoteza asilimia 6 hadi 7 ya ufanisi kwa nadharia, na hasara hiyo ipo muda wote, hata ukiwa kwenye foleni. Kuirudisha unafunga puli ndogo ili supachaja izunguke kasi zaidi. Inakula nguvu zaidi ya krankishafti, hewa inapata joto zaidi, na mkanda unaanza kuteleza. Kwa supachaja ya sentrifugo, inayosukuma hewa kwa feni, ni mbaya zaidi, kwani chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika haina shinikizo la maana, na injini ya 8:1 inabaki nzito.

Hata njia ya kushushia mara nyingi ni mbovu. Silinda ya milimita 86 kwa 86 ina cc 500. Kwa 10:1 nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni cc 55.5, kwa 8:1 ni 71.4. Ukitaka kuzipata hizo cc 16 kwa gasketi nene, kila milimita inaongeza cc 5.8 tu, hivyo unahitaji milimita 2.7 za ziada. Nafasi kati ya pistoni na hedi, iliyopaswa kuwa karibu milimita 1, inafika karibu 4. Mchanganyiko hauvurugiki tena, moto unatambaa polepole, na injini inagonga ikiwa na kompresheni ndogo. Njia sahihi ni pistoni ya kufua (forged) yenye bakuli katikati na ukingo bapa ulioachwa, na ujazo wa hedi upimwe kwa bureti.

Wanaotetea 8:1 bado wana haki yao. Inasamehe mafuta hafifu, pampu iliyochoka na intakula iliyoshika joto. Kwa petroli ya okteni 95 (okteni ni uwezo wa kustahimili kugonga), injini ya 10:1 itarudishwa taiming, yaani plagi ichelewe kuwasha, hadi valvu za eksozi ziungue na faida yote ipotee. Roots pia inashindilia tangu mizunguko ya chini, ambako mchanganyiko una muda mrefu wa kulipuka. Na shinikizo likiwa kubwa kweli, namba ndogo inashinda: Dodge Demon 170 ina 8.2:1 kwa psi 21.3, tena kwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi.

Kwa gari la barabarani lenye psi 6 hadi 8, intakula na okteni 98, ningejenga 9.5:1, na kwa okteni 95, 9.0:1. Kwa psi 10 hadi 12, 9.0:1, au 8.5:1 ikiwa ni Roots. Kwa psi 15 kwenda juu, au bila intakula, 8.5:1 kushuka chini. Plagi ziwe baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa hatua moja au mbili, na baada ya majaribio ya kwanza zikaguliwe kwa lenzi: vipunje vinavyong'aa kwenye kauri ni alumini ya pistoni, hivyo rudisha taiming mara moja, kisha kagua mafuta na joto la hewa inayoingia kabla ya kulaumu kompresheni.