Siku Nilipoghani Utendi wa Kiingereza

Kwanza mkielewe chumba chenyewe. Ni chumba cha kusomea miswada ya kale katika maktaba moja kubwa ya Uingereza, ambayo jina lake naliacha kwa kuwa kadi yao bado naihitaji. Kalamu ya wino inabaki mlangoni, ndani unaingia na penseli. Maji hapana. Biskuti usiitaje. Mikono iwe safi na mikavu, na zile glavu nyeupe za kwenye sinema hawazitaki, eti zinatia vidole uzito mtu akachana ukurasa. Kitabu hulazwa juu ya sponji, ukurasa ukashikwa kwa kamba nene ya kitambaa iliyojazwa madini ya risasi ili iwe nzito. Mtu akipiga chafya, wote huinua vichwa, humtazama, kisha hurudi zao karne ya 14.

Mwalimu wetu wa somo la vitabu vya kale alikuwa amenituma nikaitazame Cursor Mundi. Jina ni la Kilatini ila shairi ni la Kiingereza cha kaskazini, la mwaka 1300 hivi, na lina mishororo karibu 30,000. Msidhani nimekosea sifuri. Mtunzi, ambaye hakutuachia jina, anaanza na kuumbwa kwa ulimwengu na hanyamazi mpaka Kiyama. Njiani wanapita Nuhu, Ibrahimu, Musa na Daudi, kila mmoja na kisa chake, na historia yote imekatwa katika zama saba. Nakala ziko London, Oxford, Cambridge, hadi Göttingen kule Ujerumani, na hazisemi sawasawa, maana wanakili wa enzi zile nao walijiona washairi. Hilo lishikeni, lina kazi mbele.

Huyu mzee nilimpenda hata kabla sijafungua ukurasa wa pili. Dibaji anaianza kwa manung'uniko: watu wanataka hadithi za Aleksanda, za Julius Caesar, za vita vya Troy, za mfalme Arthur. Halafu anatangaza kwamba yeye ataandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu wa kawaida, kwani mashairi ya Kifaransa yamezagaa na asiyekijua Kifaransa atafaidi nini? Mzee kama huyo Lamu tunao, na barazani ana mahali pake.

Balaa lilikuwa kwenye mshororo wa kwanza kabisa: Man yhernes rimes for to here. Yaani watu wana hamu ya kusikia mashairi. Sasa, mtoto aliyelelewa na bibi wa Siyu, kisiwani Pate, akiona mshororo haupiti bila kuuhesabu. Nikakunjua vidole chini ya meza. Man, yher, nes, ri, mes, for, to, here. Nane! Mizani nane kamili, sawa na Utendi wa Mwana Kupona ambao bibi yangu aliughani kila akichambua mchele. Nikajaribu wa pili. Ukaniletea tisa. Nikaimeza moja, ukakaa.

Ukishapata mizani nane, mahadhi huyaiti, yanakuja yenyewe. Yalianzia moyoni. Kutoka moyoni yakahamia puani. Lakini Waingereza hawa vina vyao huenda viwili viwili, na mahadhi ya utendi yanadai vipande vinne: vitatu vya kina kimoja, cha nne kibebe bahari, yaani kile kina kisichobadilika utendi mzima. Basi kila mishororo miwili nikawa naurudia wa pili ili utatu utimie, na kwa kuwa utendi usio na bahari bibi asingeusamehe, cha nne nikakitia mwenyewe: "Mola tatusaidia."

Tukaenda hivyo, mimi na mzee wa 1300, tukielewana vizuri sana. Aleksanda, Mola tatusaidia. Caesar, Mola tatusaidia. Mwili ukaanza kuyumba, macho yakafumba nusu. Tulipofika Troy sauti ilikuwa imeshaaga pua na inazunguka darini.

Kilichonizindua ni penseli. Zote zilikuwa zimeacha kukwaruza. Mhudumu alikuwa amesimama mbele yangu, na kadi yangu alikuwa ameshaichukua mezani. Mama wa meza ya pili ameshika kifua. Mimi nikainamia ule ukurasa wa ngozi, nikawa nachunguza vitundu vya manyoya ya mnyama marehemu kama mtu aliyevifuata kutoka Lamu.

Kabla mhudumu hajafungua kinywa, akajitokeza mzee mmoja kutoka pembeni, koti lina viraka viwikoni, kifaa cha kusikilizia kimening'inia sikioni. Wanafunzi wakamwachia njia, nikajua ni profesa.

"Kijana," akasema huku anatetemeka, "miaka yote nawaambia wenzangu kwamba mashairi haya yalitungwa yasikilizwe. Hakuna aliyewahi kunighania! Ila huo mshororo wa nne. Molata... Molatatu..."

"Mola tatusaidia," nikamsaidia.

"Ndiyo, huo! Nakala ya London haina. Ya Göttingen haina. Umeutoa katika nakala ya wapi?"

Nilimtazama mhudumu. Nikaitazama kadi yangu mkononi mwake. Maelezo ya bibi, mchele na bahari yangechukua mpaka saa ya kufunga.

"Pate," nikasema.

Akafungua daftari, akaandika herufi moja moja, akapiga mistari miwili chini yake. Mhudumu, kuona profesa anaandika, akairudisha kadi mezani polepole.

"Sikuwahi kuisikia. Kuna nyumba ya ibada huko?"

"Nyingi, Profesa." Na huo si uongo.

"Na iko kaskazini ya mto Humber, au kusini?" Kwa wasomi hawa mto huo ndio mpaka wa lahaja: ukiuvuka, irabu za Kiingereza cha kale zinabadilika.

"Kusini," nikamjibu. "Kusini kwelikweli."

Akafunga daftari, uso umemchangamka. "Nilijua tu," akasema. "Nilizisikia irabu."