Bloku ndani ya bloku: mtama wa Dodoma na ile 0.625

Majaribio mengi ya mtama huku kwetu hupangwa kwa bloku (kundi la ploti zinazolinganishwa pamoja) kamili: kila mkulima anapanda aina zote za mbegu. Mpango huu hauna longolongo, hesabu zake bwana shamba anazijua, na mbuzi wakivamia ploti moja kazi haiharibiki sana. Na pale shamba lilipo tambarare, udongo mmoja, sina ugomvi nao.

Ila mashamba mengi ya Dodoma hayako hivyo. Juu ni kichanga chekundu, chini mbugani ni udongo mweusi unaoshika maji. Tandaza mbegu tano toka juu hadi chini, mvua ikatike mapema: mbegu ya Macia iliyoangukia mbugani itaonekana bingwa mbele ya mbegu ya Wahi iliyoachwa mchangani. Hapo umepima udongo.

Mwaka 1967 mtakwimu D. A. Preece aliandika kuhusu bloku pungufu, yaani zisizobeba mbegu zote, zenye bloku ndogo ndani yake. Chukua mashamba 5, kila moja lipate mbegu 4: jozi moja juu, nyingine chini. Zipe mbegu namba 0 hadi 4 kwa kura. Shamba la kwanza lipate 1 na 4, kisha 2 na 3. Kwa shamba linalofuata ongeza 1 kila namba, ukifika 5 rudi 0: 2 na 0, 3 na 4. Ukimaliza, jozi zote 10 zimekutana ubavu kwa ubavu mara moja moja, kwa ploti 20, sawa na bloku kamili kwenye mashamba 4.

Wapinzani wa mpango huu wa jozi hung'ang'ania 0.625: eti ulinganisho wa ndani ya jozi hubeba asilimia 62.5 tu ya taarifa ya bloku kamili. Ni kweli, iwapo udongo unatofautiana ndani ya jozi kama unavyotofautiana shamba zima! Aliyewahi kushuka toka kichangani hadi mbugani hawezi kulikubali sharti hilo. Varianisi (kipimo cha kutofautiana) ya ndani ya jozi ikishuka chini ya 5/8 ya ile ya shamba zima, jozi zimeshinda. Tena 0.3125 nyingine ya taarifa imo kwenye tofauti za jozi na jozi shambani humo, na mtakwimu Yates alishaonyesha mwaka 1940 namna ya kuokoa taarifa za aina hiyo.

Udhaifu wake hasa, ambao wapinzani hawautaji, ni kwelea kwelea. Wakimaliza ploti moja, jozi ile haikutani tena popote. Kwa hiyo ningetumia mashamba 10, kila jozi ikutane mara mbili. Na mkulima aliyenyimwa Macia aelezwe sababu kabla ya kupanda, maana lazima ataulizia.