Mfumo wa kura umeonewa

Ndugu mwandishi, unasema mfumo wa kuchagua madiwani, uliokuwa mpya wakati ule, ndio uliovuruga uchaguzi wa Uskoti wa Mei 2007. Hapo umeuonea. Siku ile kila mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya Bunge la Uskoti, yenye safu mbili za kutia alama ya X, na ya halmashauri, ya kupanga wagombea kwa namba 1, 2, 3. Zilizoharibika kwa wingi ni za Bunge. Za madiwani zilizokataliwa hazikufika hata asilimia 2.

Na kabla ya hapo kulikuwaje? Kila kata ilikuwa na diwani mmoja tu, na jijini Glasgow mwaka 2003 chama cha Labour walipata chini ya nusu ya kura, wakabeba viti 71 kati ya 79 vya halmashauri! Kwa mfumo huu kata moja ya Glasgow ina madiwani watatu au wanne. Penye watatu, ukivuka robo ya kura umepita, na ziada yako inakwenda kwa chaguo la pili la waliokuchagua. Mwaka 2007 Labour wakashuka hadi 45. Bado walikuwa wengi, lakini angalau wapinzani nao wakapata pa kukaa.

Dosari ninayoiona mimi ni majina kupangwa kwa alfabeti. Chama kikisimamisha wawili kata moja, mara nyingi wa herufi A humwacha mbali wa herufi W. Hilo hukuligusa kabisa.

Halafu Watanzania na Wakenya mnaoishi kule kihalali, kura hizi ni zenu pia kama raia wa Jumuiya ya Madola. Mjiandikishe basi, msiishie kulalamika WhatsApp.