Kalamu Iliyosafisha Kitabu cha Chama

Mpwa wangu aliniletea kalamu hiyo Desemba aliporudi nyumbani kutoka ng'ambo. Ni nene kuliko biro, inachajiwa kama simu, ina daftari lake, na hunasa unachoandika pamoja na sauti za wanaozungumza. Mimi ndiye katibu wa chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana hapa Nakuru, watu kumi na wawili, na kijana alidhani ananipunguzia kazi.

Karatasi ya daftari lile ukiinamia unaiona kama imemwagikiwa vumbi la kijivu. Ni vitone, kimoja kiko kama milimita 0.3 kutoka kwa kingine, vimepangwa hivi kwamba kamera iliyo kwenye ncha ya kalamu ikivitazama inajua iko ukurasa gani, mahali gani. Ni mbinu ya Anoto, kampuni ya Uswidi, na ndiyo iliyotumika kwenye kalamu ya Livescribe Pulse ya 2008. Kwa hivyo daftari la kawaida la dukani halifai. Kalamu itaandika, ila haitakumbuka kitu. Kurasa zikiisha, unaagiza nyingine. Hapo tayari nilikuna kichwa.

Kikao cha Januari niliandika kurasa tatu. Usiku nikaambia programu ya kalamu igeuze mwandiko uwe maandishi ya kuchapwa. "Amelipa nusu" ikatoka "ample nose". Kosa langu, nilikuwa nimeiacha kwenye Kiingereza. Lakini ningeiweka lugha gani? Kitabu chetu kina Kiswahili, Kiingereza cha benki, majina ya Kikuyu, Kijaluo na Kikalenjin, na vifupisho ambavyo ni mimi tu navisoma. Nikarekebisha hadi saa sita, nikatuma kwenye grupu ya WhatsApp.

Asubuhi mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akanipigia. "Katibu, ile elfu mbili yangu umempa nani?"

Kikaoni nilikuwa nimeandika deni lake 4,000. Akasema alishatuma nusu kwa M-Pesa kabla ya Krismasi. Mweka hazina akapekua simu, akaupata ujumbe. Nikaikata ile 4,000, nikaandika 2,000 kwa udogo juu yake, mama akatia sahihi pembeni. Programu ikaacha 4,000 vilevile, na ile 2,000 ndogo ikaipandisha kwenye mstari wa jirani yake.

Aliyewahi kukaa kwenye chama anajua ugomvi ukizuka neno la kwanza ni "leta kitabu". Na tunachotafuta kitabuni ni ule uchafu: palipokatwa, nani alitia sahihi, wino gani. Maandishi safi yamefuta ushahidi wote.

Ajabu ni kwamba kalamu yenyewe haikupoteza kitu. Nilipofungua picha ya ukurasa, mistari ilijichora upya kwa mpangilio wake: 4,000, mkato, 2,000, sahihi. Na sauti ya mweka hazina akisoma ujumbe wa M-Pesa. Mama aliridhika. Tangu hapo natuma ukurasa ulivyo, na kile kitufe cha kugeuza sikigusi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton mwenye kurasa mia za mihadhara ana haki ya kutaka kutafuta neno moja ndani yake. Mimi nina majina kumi na mawili.

Kikao kilichofuata mama aliigeuzageuza ile kalamu mkononi. "Hii inasikia hata sasa?"

Nikamwambia inasikia.

"Basi izime kwanza. Nina neno kuhusu mweka hazina."