Samaki wa Majira ya Joto, Uyole, Mwezi wa Saba

Wifi yangu yuko Uingereza, na mwezi wa saba ndio mwezi wake wa kututesa. Huko kwao jua linazama saa tatu na zaidi usiku, watu wanashinda na kaptula, wanachoma vyakula bustanini, naye anatutumia video. Sisi huku Uyole, Mbeya, mwezi huohuo tunalala na soksi. Jua lipo, nisilisingizie, lakini kipupwe kikishaingia linakuja kukaa tu, halifanyi kazi.

Video ya safari hii ilikuwa ya samaki wa kuchoma. Anakatwa minofu, anachomwa, anawekwa ndani ya kimkate chembamba cha Kimexico pamoja na kabichi mbichi, parachichi na mtindi uliotiwa kitunguu swaumu, kinakunjwa, basi. "Wifi, chakula chepesi cha majira ya joto," akasema huku amevaa kablauzi kasikokuwa na mikono. "Dakika ishirini umemaliza."

Ingeishia hapo kama Jumamosi ile kikoba kisingekuwa kwangu. Kikoba chetu kina katiba yenye vifungu vingi, na kimoja ambacho hakikuandikwa: mwenyeji hapiki alichopika mwenyeji aliyepita. Aliyepita alipika pilau. Pilau lenyewe lilikolea mpaka wakati wa kuhesabu hisa wanachama wengine walikuwa wanakoroma, na Mweka Hazina akaandika marejesho ya mkopo kwenye ukurasa wa rambirambi. Mwenyekiti akatoa tamko kwamba kuanzia sasa tule vitu vyepesi. Tamko limetoka wiki hiyo, video imeingia wiki hiyohiyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Samaki hakunipa shida. Barabara ya Tukuyu na Kyela inachepuka hapahapa Uyole kutoka ile kuu ya Tunduma na Dar es Salaam, kwa hiyo kinachopanda kutoka Ziwa Nyasa kinapita mlangoni kwetu. Ziwa lile halifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Kyela ni joto la kuvua shati. Sisi tuko juu huku, karibu na mita 1,800. Samaki anatoka kwenye joto, anapita kwenye ukungu wa Tukuyu, anafika kwetu amepoa kuliko alivyovuliwa.

Muuzaji akanisogezea mbasa. "Mama, huyu ndiye samaki wa Nyasa. Hao wengine wanamsindikiza tu."

Ni kweli mbasa ni mtamu, na kama unampika mchuzi usinunue mwingine. Lakini mbasa ana vimiba vingi vyembamba, analiwa na watu waliotulia na kunyamaza, na kikoba chetu hakijawahi kunyamaza tangu kiandikishwe. Nikachukua perege wanene, nikaomba watolewe minofu, vichwa nikabeba kwa ajili ya mchuzi wa jioni. Vile vichwa nitavitaja tena.

Kikao kilikuwa saa saba. Wifi alisema samaki akae kwenye ndimu, chumvi, pilipili manga na swaumu robo saa tu, basi mimi nikamkamulia ndimu saa sita na nusu, kama mtu anayeamini ratiba. Wanachama walifika saa tisa. Sasa ndimu haina subira. Samaki akikaa humo muda mrefu anaanza kuiva bila moto: nyama inageuka nyeupe, inakaza, halafu inaanza kumeguka ukiigusa. Nilipofunua beseni nikakuta minofu imepauka, inaachana yenyewe kwa yenyewe.

Wavu nao. Nilikuwa nimeagiza kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia ni wa samaki, yeye akasikia mbuzi. Matundu yake yalipitisha mkono wa mtoto.

Kabla sijatafakari matundu, akafika baba mkwe.

Hapa inabidi nieleze. Mimi ni Mbena wa Njombe niliyeolewa Unyakyusani. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Akipita huyu, yule anajibanza. Siku hizi wengi wameliacha hilo, wanakaa meza moja na kupeana chumvi. Mzee wangu ameacha nusu. Analala kwangu, anakula ninachopika, ila uso wangu hauangalii na mimi simsemeshi. Siku ya harusi mimi nilikuwa ndani ya shela na yeye alikuwa anaangalia keki. Kusema kweli desturi hii inanifaa. Ninao mashoga ambao baba wakwe zao wanawaangalia sana, na wanakonda.

Mawasiliano yetu yanapitia kwa mwanangu wa darasa la pili, ambaye ndiye balozi. Ubalozi wake una kasoro moja: hapunguzi, anaongeza.

Mzee alikuja na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, hakupiga simu, na hana sababu ya kupiga simu kwa mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa Mbalizi. Balozi akamtolea kiti, mzee akakiweka chini ya mparachichi, karibu na jiko apate joto, mgongo kwangu, uso kwenye uzio. Mazungumzo yakaanza.

"Mama, babu anauliza unapika nini."

"Mwambie samaki wa kuchoma, nitamfunga kwenye chapati."

Akaenda, akarudi. "Anauliza amefungwa kwa kosa gani."

"Mwambie ni chakula chepesi."

"Anasema chakula chepesi ni cha mgonjwa. Nani anaumwa?"

"Mwambie hayupo."

Sijui kule kilifika nini. Nilipogeuka kuchukua mkaa, mzee alikuwa amevua kofia, anasali.

Mkaa ulikolea vizuri, hilo nisidanganye, maana upepo wa kutoka milima ya Uporoto mwezi wa saba unapuliza jiko bila kuombwa. Tatizo ni kwamba moto ule ulikuwa kitu pekee chenye joto mtaa mzima. Kina mama walikuwa wamepangiwa viti sebuleni, na katoni ya soda nimewawekea. Soda! Kwa baridi ile! Mmoja akatoka "kunisaidia". Wa pili akamfuata. Punde Mwenyekiti akatangaza kwamba kikao kinahamia jikoni. Wakalizunguka jiko langu, mikono juu ya samaki, sanduku la hela katikati, wakafungua kwa sala. Kila nikitaka kugeuza mnofu naomba njia. Mwanachama mmoja akatoa mahindi mabichi kwenye mkoba, sijui aliyatoa wapi msimu ule, akayaegesha pembeni ya wavu. Wa pili akaona mkungu wa mzee, akachuna ndizi. Samaki wangu akabaki na kona.

Na kwenye kona hiyo alikuwa anateremka. Ungesikia tu "chwii", kipande kimepita tundu, kimetua kwenye makaa. Chini huko kulikuwa na karamu kuliko juu. Nikaona nipake mafuta tena, kwa sababu minofu iliyobaki ilikuwa imenatia, na hapo ndipo mafuta yalipodondoka na moto ukaruka.

Aliyekuwa ameinama kusoma muhtasari wa kikao kilichopita ni Mama Katibu. Alikuwa na wigi jipya, lenye kishungi cha mbele kilichofika kwenye nyusi. Nywele zile si za mtu, ni plastiki, na plastiki haiungui kwa kujadiliana. Moto ulipoinuka kile kishungi kilijikunja chote kwa mara moja, kikawa kiduchu, kigumu, kimesimama. Yeye mwenyewe hakuungua hata unyusi, tulimkagua baadaye. Lakini harufu ilipomfikia alipiga ukelele ambao nadhani Igawilo waliusikia.

Ng'ambo ya uzio anakaa kijana wa bodaboda. Alikuwa anaosha pikipiki. Yeye aliona moshi, akasikia ukelele, akaunganisha. Alipita kwenye uwazi wa uzio na ndoo yake, wala hakuuliza, akamwaga yote jikoni. Maji ya sabuni. Ya kuoshea pikipiki.

Ukimwagia maji jiko la mkaa lililokolea, majivu hayazami, yanapaa. Kina mama wa kikoba wamekulia kwenye moshi, upepo wanaujua. Walikuwa wameshakimbilia upande wa juu, sanduku la hela wakiwa nalo. Upande wa chini nilibaki mimi, na kijiko.

Sikuona kitu. Nilisikia Mwenyekiti akisema, "Jamani, yuko wapi?" Nilipofumbua macho, mikono yangu ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, kanga nyeupe, nywele nyeupe. Midomo nilikuwa naitafuta kwa ulimi.

Wakati huo mzee alikuwa anadai taarifa. "Kuna nini huko?"

Balozi akajibu kwa sauti kubwa kutoka alipo, bila kutembea: "Mama amechoma kichwa cha Mama Katibu, wakammwagia maji!"

Hapo mzee akasahau desturi. Akasimama, akageuka mzimamzima, fimbo mkononi, tayari kuokoa watu. Baada ya miaka yote ile akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, nami sina pa kujificha, nikabaki nimesimama pale na kijiko. Akaniangalia kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ndala. Kisha akashusha fimbo, akavua kofia, akainama kidogo.

"Pole, mama," akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia ikipita kwa balozi. "Kazi hizi waachie vijana."

Akageukia mparachichi, akakaa.

Nilikwenda kuoga. Niliporudi, kikoba kilikuwa kimechukua serikali. Mweka Hazina alikuwa anasonga ugali, na ukimwona yule mama anavyosonga utajua kwa nini hajaibiwa hata shilingi. Samaki wa jikoni walikuwa wananuka sabuni, wakazikwa. Lakini minofu iliyobaki kwenye beseni, ambayo haikufika kwenye wavu, ilisuuzwa ndimu ikaunganishwa na vile vichwa, nyanya, vitunguu na pilipili moja ya Tukuyu. Mchuzi ukatoka mzito. Kabichi niliyokata nyembamba nikiiga video ikakaangwa na karoti. Chapati zikaliwa na chai ya maziwa na tangawizi, parachichi likaliwa na chumvi, na mtindi wa swaumu hakuna aliyekubali kuugusa, ukapewa kijana wa bodaboda, akaushukuru. Ndizi walizichoma upya. Chakula chepesi kiliisha saa moja usiku, na wawili walisaidiwa kuinuka.

Katikati ya kula ikaingia hoja ya wigi. Mama Katibu alitaka fidia kutoka mfuko wa jamii, kifungu cha majanga ya moto. Mwenyekiti akasema kifungu kile kinahusu nyumba. Mama Katibu akasema lile wigi amelijenga kwa mkopo wa kikoba hikihiki, tena bado hajamaliza riba, kwa hiyo ni mali ya kikundi iliyoungua kikaoni. Sheria haina majibu kwa kila kitu. Walipiga kura huku wanalamba vidole. Hoja ikapita kwa sharti kwamba alipwe kishungi tu, nyuma kulikuwa kuzima. Muhtasari aliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wa hasira.

Wifi akatuma ujumbe kuuliza kama wageni wamependa. Nikamjibu kwamba walikaa mpaka usiku.

Walipoondoka nikawa naosha vyombo dirishani, balozi akaja mbio kutoka kwa babu yake, noti ya elfu tano mkononi.

"Babu anasema mchuzi ulikuwa mtamu sana, ndaga fijo, yaani asante sana. Anauliza yule bibi aliyekuwa anapika ameshaenda kwao?"

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia anaosha vyombo."

"Halafu?"

"Amesikitika. Anasema baba akirudi kutoka Mbalizi ana maneno naye, haiwezekani mtu amfanyishe kazi mwanamke mzee kiasi kile kwenye baridi, na mke wake kijana yupo ndani amelala. Na hii amesema nimpe bibi, ya sabuni."

Nikakausha mikono, nikaipokea, nikamtuma akaseme bibi ameshukuru.